Mwandiko wa dada: uchambuzi wa kisa cha familia moja ya kambini

Kabla ya kuanza

Kisa hiki, cha mvulana mwenye ADHD (hali ya kushindwa kutulia na kuweka umakini) na dada yake, kilitokea kati ya mwaka 2022 na 2024 katika mji mmoja wa mashariki mwa Uganda, ndani ya kambi ya polisi na katika shule ya msingi iliyo jirani nayo. Majina yote ni ya kubandika, na mambo machache nimeyabadilisha ili mtu wa mji huo asiweze kunyoosha kidole. Baba na mama walisomewa rasimu. Binti yao mkubwa aliisoma mwenyewe, akafuta sentensi mbili, nami sikuzirudisha.

Mimi ni mwalimu wa mahitaji maalumu, nilisomea Chuo Kikuu cha Kyambogo. Humu simo kama mtazamaji tu. Makosa mawili makubwa utakayoyasoma ni yangu.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu mambo yenyewe yalisemwa kwa Kiswahili. Nje ya kambi mji una lugha zake, lakini ukishavuka geti, askari aliyetoka Arua na mwenzake wa Kabale hawana lugha nyingine ya kuazimana chumvi, na watoto wanaozaliwa humo hukua nayo.

Familia na nyumba yao

Baba ni konstebo, alikuwa na miaka 38 kisa kilipoanza. Mama hukaanga mandazi na kabalagala karibu na geti. Watoto ni watatu: Zubeda, aliyekuwa na miaka 12, Sadiki, miaka 8, na Amina, miaka 4.

Waliishi katika unipoti, yale mabanda ya bati ya duara ambayo yeyote aliyepita karibu na kambi ya polisi hapa kwetu anayajua. Chumba ni kimoja, pazia katikati. Jua likiwaka ni tanuri; mvua ikinyesha hamsikilizani. Nakaa kidogo kwenye nyumba hii kwa sababu karibu kila ushauri niliowahi kuusoma kuhusu mtoto mwenye ADHD huanza kwa kumtafutia kona tulivu ya kusomea. Unipoti ni duara. Haina kona.

Kambini mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na huyu kwa miaka mingi alikuwa Mama Zubeda. Kufikia 2022 nusu ya kambi ilikuwa inamwita Mama Sadiki. Hakuna aliyekaa akaamua. Jina lilihama lenyewe, kwa kuwa kila aliyepiga hodi alikuwa amekuja kwa habari za Sadiki.

Sadiki alitembea akiwa na miezi 10 na, kwa maneno ya mama yake, hajakaa chini tangu hapo. Akiwa na miaka 3 alilazwa kwa malaria iliyomtia degedege. Mama aliyabeba mawili hayo pamoja miaka yote: aliamini degedege ndiyo iliyomharibia mtoto, na kwamba alichelewa kumpeleka hospitali.

Kwa nini hakuonekana mapema

Shule za Uganda zilifungwa Machi 2020, na madarasa mengi hayakurudi kikamilifu hadi Januari 2022. Sadiki alikuwa ameonja P1, darasa la kwanza la msingi, kwa wiki chache tu. Ziliporudi, wanafunzi wote walipandishwa darasa, naye akajikuta P2 pamoja na watoto 94, wengi wao wakiwa wamesahau hata namna ya kupanga mstari. Katika darasa la namna hiyo mtoto asiyetulia ni mmoja tu kati ya wengi. Walimu tulikuwa na jibu moja kwa kila kitu: ni Korona.

Jibu la pili lilikuwa baya zaidi. Watoto wa kambi wana sifa yao mjini, kwamba ni wakorofi, wamelelewa na bunduki. Mwalimu akisema "huyu ni mtoto wa kambi" amemaliza uchunguzi.

Lakini kufikia Mei wenzake walishatulia. Nilikaa nyuma ya darasa lake nusu saa. Alisimama mara 17. Alijibu swali kabla halijaisha, na jibu lilikuwa sahihi. Alianza hesabu ya kwanza, akaiacha katikati kwenda kumwazima jirani penseli, akaisahau penseli, akarudi na kipande cha ufagio. Mguuni alikuwa na ndala moja. Alinisalimia mara tatu, kila mara kwa furaha ileile. Naliandika hili la salamu kwa sababu ripoti yake ya muhula ilisema "hana adabu".

Walivyojaribu kwanza

Alichapwa. Sheria ya watoto ilivyorekebishwa mwaka 2016 inakataza viboko shuleni, na kila mwalimu anajua. Fimbo ilikuwepo juu ya kabati vilevile. Nyumbani baba naye alichapa, na alikuwa na hoja. Alipokuwa mdogo alikuwa hivyohivyo, alisema, hadi alipoingia chuo cha polisi cha Kabalye kule Masindi. "Kabalye ndiyo iliyoninyoosha, Mwalimu."

Mama alimpeleka kwa ustadhi kusomewa. Wengi wanaoandika visa kama hivi hufanya hapa pawe mahali pa kumlaumu mtu wa dini. Huyu alisoma mara tatu, ya tatu akamwambia: "Mama, huyu hana jini. Nikisoma, yeye anafunua msahafu ananiuliza picha ziko wapi. Nenda hospitali." Yeye ndiye wa kwanza kutamka neno hilo, kabla yangu mimi.

Shule ilikuwa na dawa yake ya tatu, ambayo haikuandikwa popote. Sadiki akikosea, mwanafunzi mmoja alitumwa P6: "Mwite dada yake." Zubeda angekuja, angemshika mkono, angemkalisha, angerudi darasani kwake. Nilimwona akipita dirishani mara nyingi. Sikuona chochote cha ajabu. Dada mkubwa hufanya nini kingine?

Siku ya gari

Agosti 2022, wakati wa likizo, Sadiki aliingia kwenye pikapu ya doria iliyoegeshwa mteremkoni ndani ya kambi na kuachia breki ya mkono. Gari lilibingirika kiasi cha hatua 20, likapita juu ya kibanda cha mama muuza makaa, likasimama ukutani. Muuza makaa alikuwa ameenda kuchota maji. Hakuna aliyeumia.

Mkuu wa kambi alimpa konstebo wiki mbili: ama mtoto adhibitiwe, ama familia itoke kambini. Usiku ule baba alichapa kuliko siku zote. Asubuhi, kabla jua halijatoka, alimkuta Sadiki amekaa kwenye kiti cha dereva cha pikapu ileile. Alitaka kuona, alisema, ni kitu gani hasa kilichofanya liondoke.

"Hapo fimbo iliniishia," baba aliniambia baadaye. "Niliona sichapi kosa. Nachapa mtoto ambaye jana haimo kichwani mwake."

Hospitalini

Walienda Septemba katika kitengo cha afya ya akili cha hospitali ya rufaa ya mkoa. Baba alikataa kuvaa sare siku hiyo, na aliomba wasubiri nje, mbali na benchi, hadi waitwe. Alichokiogopa kilikuwa wenzake zaidi ya ugonjwa.

Afisa tabibu aliyewapokea alifanya mambo kwa utaratibu unaofaa kuigwa. Alipima masikio na macho kwanza, kwa kuwa mtoto asiyesikia vizuri huonekana mkaidi. Aliuliza kama kuna nyakati anazubaa ghafla, macho yakikodoa, asijue kwamba ameitwa, kwa sababu kuna kifafa cha aina hiyo. Aliuliza usingizi. Kisha akauliza yale matatu yanayotenganisha ADHD na utundu wa kawaida: dalili zimedumu zaidi ya miezi 6? Zinaonekana sehemu zaidi ya moja, nyumbani na shuleni pia? Zilianza kabla ya miaka 12? Barua yangu ilijibu upande wa shule.

Alisema ni ADHD, upande wa umakini na upande wa mhangaiko kwa pamoja, na kwamba duniani hukadiriwa kumpata karibu mtoto 1 kati ya 20. Mama aliuliza habari ya degedege. Jibu alilopewa naliona la haki. Malaria ikifika kwenye ubongo kweli huweza kuacha alama. Kati ya watoto waliofuatiliwa katika hospitali ya Mulago, Kampala, baada ya malaria ya ubongo, takriban mmoja kati ya wanne alikuwa bado na upungufu wa kufikiri au kukumbuka miaka miwili baadaye. Kwa Sadiki hakuna awezaye kusema kwa hakika. Lakini alikuwa hatulii tangu kabla ya kuugua, na hali hii mara nyingi hupita katika damu. Alipofika hapo alimtazama baba.

Baba hakusema neno. Njiani kurudi, ndani ya teksi, alimsimulia mkewe kwa mara ya kwanza jinsi bibi yake alivyokuwa akimfunga kamba kwenye mfenesi ili apate kupika.

Maamuzi na sababu zake

La kwanza lilikuwa kuacha fimbo nyumbani. Baba aliacha siku hiyohiyo, na nadhani ni mfenesi ulioamua, si mimi. Shuleni ilichukua muda. Mwalimu mkuu alizungumza na walimu, na fimbo ikahama kutoka juu ya kabati kwenda nyuma yake.

La pili ni langu. Nilichora chati ya nyota: siku akikunja mkeka, akioga, akifika na vitabu vyote, apate nyota, nyota tano, shilingi 500. Kitabuni ni njia nzuri na ushahidi wake upo. Katika unipoti ilidumu wiki tatu. Amina aliing'oa kutengenezea kishada, mama aliyeamka saa kumi kukanda unga alisahau kuijaza, na ile 500 ikaleta vita kwa kuwa Zubeda alikunja mkeka miaka yote bila senti.

La tatu pia ni langu. Kwa kuwa mwili wake ulihitaji kusogea, nilimshauri mwalimu wa P3, muhula wa kwanza wa 2023, amweke mbele na ampe kazi za kutembea: kugawa vitabu, kufuta ubao, kupeleka rejista. Ilisaidia kweli, makelele yalipungua tangu wiki ya kwanza. Lakini walimu wengine wakagundua kwamba kuna mtoto anayekimbia haraka na asiyechoka. Kufikia Machi Sadiki alikuwa tarishi wa ofisi ya walimu. Alinunua chapati, alipeleka simu kuchajiwa, alibeba chaki. Alifurahi, walimu walifurahi, na kipindi cha hesabu alikikosa mara mbili hadi tatu kwa wiki. Hakuna aliyelalamika kwa sababu darasa lilikuwa tulivu.

La nne ni dawa. Likizo ya Desemba 2022 walikwenda Kampala kwa daktari wa watoto wa magonjwa ya akili, aliyeandika methilifenideti. Ni dawa inayodhibitiwa, haiuzwi kama panadoli, na duka la dawa la mji wetu halikuwa nayo. Alitumia Januari na Februari. Mwalimu wake aliniletea daftari mkononi kama mtu aliyeokota noti: ukurasa mzima wa hesabu, umeanza na umeisha. Mchana alikataa posho (ugali) na maharage, jioni akala za watu wawili. Daktari alikuwa ameshawaonya. Machi walishindwa. Kila mwezi ilikuwa lazima mmoja wao aende Kampala na kurudi, na siku hiyo ama mandazi hayauzwi ama zamu inaombewa ruhusa. Afisa tabibu wa mkoani alipendekeza dawa nyingine iliyopatikana karibu; wazazi walisikiliza, wakaamua kungoja. Sikukubaliana nao wala sikuwapinga. Ninachotaka kibaki kwenye kumbukumbu ni kwamba dawa haikushindwa. Kilichoshindwa ni nauli.

La tano alilianzisha baba, nami namwonea wivu kwa hilo. Siku moja nilimuuliza: "Afande, huko Kabalye mlichapwa kila siku?" Alifikiri. "Hapana. Filimbi. Filimbi ya kuamka, filimbi ya chai, filimbi ya gwaride. Hukuwa na haja ya kukumbuka kitu."

Aliposema hivyo alijisikia mwenyewe. Nyumbani, amri ya asubuhi ilikuwa hivi, kwa sauti ya mama aliyeinama kwenye sigiri: "Sadiki, amka, kunja mkeka, chukua jerikeni uende bombani kabla foleni haijawa ndefu, ukirudi upitie kwa jirani umwambie anipe ile sufuria, halafu uoge." Ni kazi tano. Sadiki angetoka mbio, na angerudi bila jerikeni, ana kamba ya kishada. Baba alianza kumpa moja moja, kwa namna ya gwaride: "Sadiki! Jerikeni. Bombani." Na mtoto sharti arudie: "Jerikeni, bombani, afande!" Kisha ndiyo atoke. Akirudi, inayofuata. Kambi nzima ilicheka. Jerikeni zilifika zimejaa.

Mwandiko

Muhula wa pili wa 2023 niliandika katika ripoti yangu kwamba Sadiki anaendelea vizuri. Ushahidi wangu ulikuwa kazi za nyumbani: 9 juu ya 10, 10 juu ya 10, wiki baada ya wiki. Kazi za darasani zilibaki 2, 3. Nilijieleza kwamba nyumbani sasa kuna utulivu zaidi.

Julai nilikuwa nasahihisha mitihani ya majaribio ya P7, kazi ya kusaidia tu. Nikafika kwenye karatasi moja ambayo kila tarakimu 7 ilikuwa na mkato mdogo katikati. Nimeiona wapi hii saba? Nilifungua daftari la Sadiki. Kazi za darasani, saba zake zimegeukia nyuma, kama mtu anayetazama alikotoka. Kazi za nyumbani, saba zote zimesimama wima, na mkato katikati.

Karatasi ile ilikuwa ya Zubeda. Mwaka uliotangulia alikuwa wa tatu katika darasa lake. Safari hii alikuwa wa 31.

Nilimwita, nikitarajia machozi. Hakulia. "Mwalimu, yangu nikimaliza ni saa tatu usiku. Yake nikimaliza ni saa nne. Asipoleta, wananiita." Alifunua ukurasa wa mwisho wa daftari lake la Kiingereza. Kulikuwa na vijiti, vinne vinne na cha tano kikipita juu yake: kila mara alipotolewa darasani kwa ajili ya Sadiki muhula wa kwanza. Nilihesabu 41.

Yaliyobaki niliyapata kwa kuuliza polepole. Alilala mkeka mmoja na Sadiki, ambaye bado alikojoa usiku, jambo la kawaida zaidi kwa watoto wa hali yake. Saa kumi alfajiri, mama akikanda unga, Zubeda alifua shuka ili lianikwe kabla majirani hawajaamka. Alimvalisha, alimvusha barabara, alimtafutia ndala. Miezi kumi na moja ya mpango wetu, kila kitu tulichokiita maendeleo kilikuwa kimesimama juu ya mgongo wake, na jina lake halikuwemo katika faili hata mara moja.

Mpango wa pili

Tulikaa mkekani nje ya unipoti Jumapili moja ya Agosti: baba, mama, Zubeda na mimi. Nilipendekeza apelekwe bweni hadi mtihani. Hela hazikuwepo. Ndipo baba akachukua chaki akaandika zamu kwenye mlango wa bati, kama wanavyoandika kituoni. Chati yangu ya karatasi ilikufa. Chaki juu ya bati ilidumu mwaka, kwa kuwa kila aliyefungua mlango aliisoma, na ikifutika iliandikwa upya.

Shuka na kumwamsha Sadiki saa tano usiku kwenda haja: mama. Kumpeleka shule: baba akitoka zamu ya usiku, la sivyo mama. Jioni mama afunge mandazi saa kumi na moja badala ya saa moja usiku, ingawa saa hizo mbili ndizo askari hununua zaidi. Hasara hiyo iliwauma, na siwezi kuipamba. Jioni, kwa muda wa saa moja, Sadiki aende mchakamchaka na koplo mmoja anayewakimbiza watoto wa kambi (neno hilo kwa watu wengi Uganda hukumbusha kozi za siasa, lakini hawa walikimbia tu na kuimba). Kazi ya nyumbani: hesabu tano badala ya ishirini, afanye mwenyewe, hata zikiwa zote na makosa. Mwalimu wa P3 alikubali. Na shule ilikubali sharti moja nililolisimamia mwenyewe, kwamba Zubeda haitwi tena. Niitwe mimi.

Mstari wa Zubeda mlangoni ulisema: *Jumatatu hadi Ijumaa, hakuna.* Mama aliniambia jioni za kwanza binti alikuwa anasimama tu katikati ya chumba, mikono ikining'inia.

Matokeo

Zubeda alifanya PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, Novemba 2023 akapata daraja la pili. Mwaka mmoja kabla walimu walimtarajia la kwanza. Yuko sekondari ya kutwa.

Alama za kazi za nyumbani za Sadiki zilianguka hadi 2 juu ya 5, na hizo ndizo alama zake za kwanza tulizoweza kuziamini. Kukojoa kulipungua hadi mara moja moja. Mwisho wa 2024 alimaliza P4 akisoma kama mtoto wa P2, akihesabu vizuri kuliko anavyosoma. Bado anapoteza ndala. Muuza makaa, aliyesemekana angedai fidia, alizoea kumpa kazi ya kupanga mikebe mstari mmoja, akasema hajaona mtoto anayepanga haraka hivyo na kuvuruga haraka hivyo.

Mkuu wa kambi hakuwafukuza. Uhamisho ndio uliowatoa: mwisho wa 2024 baba alipelekwa wilaya nyingine, na unipoti huenda na kazi.

Uchambuzi

Utambuzi ulichelewa kwa sababu kila mmoja wetu alikuwa na maelezo yaliyotosha: Korona, kambi, jini, malezi. Maelezo yakitosha, mtu haendi kutazama. Nusu saa ya kukaa nyuma ya darasa, ambayo haikugharimu kitu, ndiyo iliyoandikia hospitali barua yenye maana, na ningeweza kuifanya Februari badala ya Mei.

Kilichofanya kazi kilitoka ndani ya maisha yao. Amri fupi ya kurudiwa na zamu ya chaki ni vitu ambavyo baba alivijua kwa miaka 15; hakuhitaji kufundishwa, alihitaji kuona kwamba vinahusika. Chati ya nyota ilidai mtu mwenye muda, ukuta usio na bati na mtoto mdogo asiyeng'oa. Sisemi chati ni mbaya. Nasema niliipeleka bila kwanza kuuliza nani ataijaza saa kumi alfajiri.

Utarishi ni funzo la walimu peke yetu. Tulipima utulivu wa darasa tukadhani tunapima masomo ya mtoto. Msaada wowote unaowapa wakubwa raha unahitaji kukaguliwa mara mbili.

Kuhusu dawa, naamini kwamba mtoto aliyefaidika miezi miwili angestahili kuendelea nayo. Wazazi walichagua kama watu wenye mshahara mmoja na sigiri moja. Ningekuwa mimi, ningeijaribu ile ya pili iliyopatikana karibu. Lakini si mimi niliyekuwa nafunga kibanda siku nzima.

Kosa lililo zito zaidi ni la hesabu. Tulipopanga, tuliandika mtoto anahitaji nini, na hatukuandika nani anatoa. Katika nyumba zetu jibu lisiloandikwa huwa ni binti mkubwa. Hakulalamika, kwa hiyo hakuonekana. Na kadiri alivyofanya vizuri, ndivyo mpango wetu ulivyoonekana mzuri. Siku hizi, faili likifunguliwa, swali langu la kwanza kwa familia ni: asubuhi ya leo, nani alimvalisha? Kisha nauliza kama naweza kuona daftari la huyo.

Na hata mpango wa pili ulikuwa na tundu. Muhula wa mwisho wa 2024 nilimwona Amina, miaka 6, wa P1, akivuka uwanja wa shule na ndala ya kaka yake mkononi. Hakuna aliyemtuma.

Walipokuwa wanahama, baba aliniomba tumwandikie mwalimu mpya wa Sadiki barua ya ukurasa mmoja. Alisema yeye, nikaandika mimi: akae mbele, apewe agizo moja kwa wakati, alirudie, asichapwe, akipewa kazi ya kutembea, isiwe wakati wa hesabu. Zubeda, aliyekuwa anafunga sufuria kwenye gunia, aliomba kalamu. Alisoma yote, akaongeza mstari mmoja chini kabisa:

*Akikosea, asiitwe Amina.*